Pumzi ya Rajabu Kwenye Santuri

Mwanangu, jana nilikuona ukifungua ile mashine ya santuri uliyoinunua Arua, na siku moja ya ujana wangu pale Koboko ikanirudia yote. Kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa mke mpya katika nyumba ya mama mkwe wangu, Khemisa. Tulikuwa tumerudi kutoka Zaire, tulikokimbilia wakati wa vita vya mwaka wa sabini na tisa. Wenzetu walikimbia na masufuria na magodoro. Khemisa alibeba santuri zake ndani ya blanketi, na akarudi nazo. Mojawapo ilikuwa ya bendi ya kambi ya jeshi, ambayo kaka yake Rajabu alipigia tarumbeta. Rajabu alifia ukimbizini. Hakuacha mtoto, hakuacha picha. Mama yao, Bibi Asha, tuliishi naye. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini masikio, subhanallah, alitutambua kwa nyayo.

Wakati huo watu walikuwa wamehamia kwenye kaseti. Mume wangu Juma akapata sokoni mashine ndogo ya plastiki, ya betri, rahisi kabisa. Tukaijaribu kwa santuri ya dansi iliyokwisha kukwaruzika. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua, ikaruka, ikarudia neno lile lile. Juma akaweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili utulie. Kweli ukaacha kuruka. Nikafurahi, nikanyoosha mkono niichukue santuri ya Rajabu.

Khemisa akanizuia. Akaiondoa ile sarafu.

"Unakaba mutu shingo ndiyo aimbe?" akamwambia Juma. "Angalia sindano. Iko nene kama musumari. Itakula hii santuri, na hii iko moja tu."

"Sasa tutupe mashine, Mama?"

"Hapana. Iko mugonjwa. Tutaitibu."

Na aliitibu, mwanangu. Aliitoa kwenye meza iliyoyumba, akaiweka juu ya jiwe pana, na kabla ya hapo aliweka bakuli la maji juu ya jiwe hilo ili aone kama limelala sawa. Redio mbovu ya marehemu mumewe aliifungua, akatoa spika, Juma akaijengea sanduku la mbao. Santuri alizifuta moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Ikabaki sindano. Alipanda lori hadi Arua kuitafuta, akarudi mikono mitupu. Majirani walicheka sana.

Kisha Bibi Asha akashikwa na homa, akakataa hata uji. Nilimpigia Khemisa magoti. "Mama, tupige leo hivyo hivyo. Akiondoka bila kumsikia mwanawe?"

Aliichukua santuri ya Rajabu, akaikumbatia kifuani. Hapo nikajua kwamba woga wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

"Nikipiga leo, atasikia makelele tu, na Rajabu ataisha," akasema. "Kesho naenda Arua tena. Wewe baki na yeye. Mushike mukono."

Nilibaki. Nilimpa maji kwa kijiko, nikisikiliza kila lori lililopita barabarani. Khemisa alirudi kesho yake jioni, vumbi hadi kwenye kope, na sindano nyembamba pamoja na kichwa chake chepesi, ambavyo fundi redio alivitoa kwenye mashine nzuri iliyoungua. Juma akavifunga. Tulianza tena na ile santuri iliyokwaruzika, na jamani, sauti ilifunguka! Nilisikia hadi vidole vikitembea kwenye nyuzi za gitaa.

Tukamkalisha Bibi Asha, mgongo kwenye mto. Khemisa akaiteremsha sindano kwenye santuri ya kaka yake. Ngoma zikaanza, magitaa yakafuata. Halafu, kabla tu ya tarumbeta, tukasikia mtu akivuta pumzi.

Bibi Asha akainua kichwa.

"Rajabu," akasema. Akacheka. "Sikia hiyo pua! Iko inaziba hivyo tangu mutoto."

Khemisa alikaa chini palepale, akajifunika uso kwa kanga. Wimbo ulipokwisha, Bibi akaomba urudiwe. Uliporudiwa, akaomba uji. Alipona, akaishi na sisi hadi nikawazalia watoto, na hata Wakristo majirani wetu walikuwa wakija Ijumaa alasiri kumsikiliza Rajabu pamoja naye.

Basi nakuusia, mwanangu. Mashine yako ni ya kawaida, na hiyo si aibu. Itengeneze kidogo kidogo. Ilaze sawa, badilisha sindano kabla hujatamani spika kubwa za kuwaonyesha wenzako. Ukipewa kitu kilichobeba sauti ya watu wasioweza kuimba tena, usikiharakishe kwa sababu ya hamu yako ya leo. Wako watakaotaka kusikia baada yako.

Mungu akupe subira ya Khemisa na mikono yake mipole. Akulinde, na nyumba yako isikose watu wa kukaa pamoja wakasikiliza. Amina.