Mfuaji Aliyechorwa Ameketi

Ilikuwa mwaka 1873. Hapana, 1874, maana yule farasi wa kijivu alikuwa ameshakufa. Binti Mfalme, mgeni katika jumba letu la Uskoti, alipenda kuchora, akataka kumchora mfuaji wetu wa nguo: mwanamke wa mikono myekundu kwa maji ya moto, ambaye hukunja chochote kilicho karibu, hata aproni yako ukiwa umeivaa.

"Keti, bibi," akamwambia.

Kukataa amri ni kosa, na mtumishi kuketi mbele ya watu wa kifalme ni kosa pia. Mimi nilikuwa natia makaa motoni, nikaona ujanja wa mfuaji. Alipanga sketi vizuri kwa mbele, akashuka taratibu, akaishia hewani, makalio hayajagusa kiti. Asubuhi nzima!

Jikoni, Grizel mpishi akamcheka: "Shoga, mbona unachechemea? Umechorwa au umetwangwa?"

"Nyamaza wewe, nipe kigoda."

Picha ikatundikwa ukumbini. Mikono ilitoka kama karoti, lakini kati ya sketi na kiti palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Basi Binti Mfalme aliona. Nimeuliza wengi: kama aliona, mbona hakumwambia asimame?