Funguo za Ghala la Mizigo

Baba yangu alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya reli huku bonde la Usangu, na neno lililoivunja nyumba yetu ni makabidhiano. Nyumba za wenzetu zilivunjwa na pombe. Yetu ilivunjwa na makabidhiano.

Kazi ya reli ilikuwa na utaratibu wake. Huachi zamu mpaka mwenzako afike, mkague pamoja, aandike kwenye daftari alichopokea na kilichopungua, kisha msaini wote wawili. Upungufu ni wa anayekabidhi. Baba alituletea sheria hiyo mpaka jikoni. Nikimwachia mdogo wangu zamu ya vyombo, lazima ahesabu vikombe kwanza.

Siku hizo stesheni ilikuwa na watu. Wafugaji waliohamia kutoka kaskazini walipakia ng'ombe, wakulima walileta mpunga, makuli walibishana tangu asubuhi. Mabehewa ya karatasi kutoka Mgololo yalipita bila kusimama, na baba aliyapigia saluti hivyo hivyo. Kisha malori yakachukua mizigo yote, na barua ikaja: stesheni imefungwa, karani afunge ghala, atunze funguo, amsubiri ofisa wa makabidhiano.

Akasubiri. Sisemi miezi, nasema miaka.

Wenzake walifunga virago wiki ile ile. Mama alimwambia, "Twende nyumbani Igowole, shamba linageuka pori." Akajibu, "Wa kupokea hajafika." Mama akatangulia, baba akasema atamfuata baada ya mavuno. Mavuno mangapi! Mama alilima peke yake, akaugua peke yake, na siku tulipomzika, baba alikuja na funguo mfukoni, akalala usiku mmoja, akarudi stesheni. Nilimchukia siku ile. Nasema wazi, maana sijaacha kabisa.

Ghala lenyewe halikumsubiri mtu. Wauza vyuma chakavu waling'oa milango, wakarudia mabati, wakamalizia na mizani. Baba alipowafokea walimwamkia "shikamoo" na kuendelea kung'oa. Akabaki na funguo tatu za milango isiyokuwepo.

Mwaka jana akaja kijana kutoka ofisi ya reli kupiga picha za historia ya stesheni. Baba akavaa koti lake la kazi, akampelekea funguo na daftari. Kijana akacheka.

"Mzee, hizi za kufungua nini sasa? We kaa nazo tu, ni kumbukumbu."

Akampiga picha amezishika, akapanda gari, akaenda zake. Hakuuliza hata huyu mzee anaishi na nani.

Baada ya hapo baba akaacha kula vizuri. Nilikuja kutoka Iringa mjini, ninakofundisha, nikamkuta amekonda, kifua kinambana, anaongea kwa kupumzika. Nikamwambia nimekuja kumchukua, twende Igowole akapumzike kwake.

"Sijakabidhi, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita.

Nikalinyakua daftari. "Lete hapa. Nasaini mimi."

"Umekagua?"

Kidogo nipige kelele. Mtu anakufa, anauliza ukaguzi! Lakini namjua, asingenyanyuka kitandani kwa saini ya uongo. Nikaenda. Nikazunguka kuta zisizo na paa, nikawakuta mbuzi wa jirani wamelala palipokuwa na mizani, nikarudi nimejaa vumbi, nikaandika. Nimepokea: funguo tatu. Upungufu: milango mitatu, mabati yote, mizani moja. Hasira ilikuwa bado ipo, na kalamu ilikuwa bado mkononi. Nikaongeza: mama yangu.

Nikasaini, nikampa daftari nikitaka limuume. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma orodha za mizigo. Kwenye mstari wa mwisho kidole kikakaa. Nilingoja aseme huyo hakuwa mali ya stesheni, anitake nifute, na mimi nilikuwa nimeshaandaa ya kumjibu.

"Upungufu ni wa anayekabidhi," akasema.

Akaomba kalamu, akasaini. Kisha akaniwekea funguo mkononi, akauliza basi la Igowole linaondoka saa ngapi.