Wimbo wa Mlango wa Buluu

Nimerudi Chumbageni, Tanga, kupumzika, neno ambalo watu wa umri wangu hulitamka kama mtu anayekwenda kulazwa. Nilidhani nitalala, nitakula samaki wa kupaka kwa wifi yangu, nitasahau rundo la mitihani ya wanafunzi wanaoandika mengi kuliko waliyosoma. Siku ya pili tu, mtoto wa kaka yangu akaniwekea spika ndogo, ukubwa wa kopo la maziwa, kando ya kikombe changu cha chai.

"Shangazi, sikiliza kazi yetu. Halafu utuandikie maneno machache ya utangulizi. Si wewe msomi wa ukoo?"

Kazi yenyewe ni hii. Yeye na wenzake, vijana wasio na kampuni wala meneja, wanaorekodi vyumbani mwao huku wametundika mablanketi ukutani, wamezichukua nyimbo za yule mtunzi maarufu aliyetoka mji huu na kuziimba upya, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja kaufanya wimbo singeli, kwa kasi iliyonifanya nijishike kifua. Mwingine kapiga gitaa tupu na sauti ya mtu aliyeamshwa. Yupo binti anayefokafoka maneno kama karanga kwenye kikaango, na yupo aliyetumia mashine peke yake, inanguruma kama friji la dukani. Sikuwa na ubaya nao. Nilikuwa nimechoka tu, rafiki yangu, uchovu ule ambao usingizi hauutibu. Kisha ukaanza wimbo wa mlango wa buluu, nikaweka kikombe chini.

Wewe ukiusikia utadhani ni wimbo wa mapenzi kama mingine. Mwanamume analalamika: kuna nyumba yenye mlango wa buluu, na ndani yake haishi mtu, linaishi jiwe. Nchi nzima iliucheza hivyo. Sisi wa mtaa huu tulijua kwamba mlango wa buluu ulikuwa mmoja tu, na kwamba hilo jiwe lilikuwa likitupikia uji wa pilipili manga kila asubuhi. Alikuwa bibi yangu, mama yake baba.

Mtunzi, kabla hajawa maarufu, alikuwa mpangaji wake katika chumba cha mbele. Bibi alikuwa mjane mwenye watoto na ulimi mkali. Kijana akatuma wazee kumposa. Bibi akawakaribisha, akawapa kahawa na visheti, akawajibu hataki. Hakutukana, hakucheka, wala hakueleza sababu, na nadhani hilo la mwisho ndilo lililomuuma yule kijana. Akafunga virago, akaenda Dar es Salaam, na kilichorudi Tanga baada yake ni wimbo.

Nilipopata akili, wimbo ule ulikuwa umekwisha zaa. Wapiga matarumbeta ya harusi waliupiga wakimsindikiza bwana harusi, wakipunguza mwendo makusudi mbele ya nyumba yetu. Bendi ya magitaa iliupiga baa ya karibu na stesheni. Kikundi cha taarabu cha jirani yetu wa mkono wa kulia kiliuimba kwa kuuvuta, kama mtu anayekamua chungwa la mwisho. Kwaya ya Walutheri, watoto wa manamba wa mashamba ya mkonge, waliyapenda mahadhi yake wakautilia maneno ya Injili. Bibi, aliyekuwa hakosi sala hata moja, alisema hao ndio pekee waliouimba kwa adabu. Hata kijijini Moa, tulikokwenda kumzuru dada yake, tuliukuta umetutangulia, umevaa ngoma na Kidigo. Sisi watoto wenyewe tuliurukia kamba, mpaka siku alipotutokea na upawa.

Nyumbani alikuwa na dawa moja. Redio ya jirani ikiuanza, bibi alivuta mbuzi akakuna nazi kwa kelele, krr, krr, hadi wimbo uishe. Ndiyo maana mchuzi wetu ulikuwa mzito kuliko wa mtaa wote. Nimesoma vitabu vingi kuhusu upinzani wa wanyonge, na nimefundisha baadhi yake kwa mshahara, lakini hakuna hata kimoja chenye tui.

Jirani, yule mama wa taarabu, hakumhurumia. Kila asubuhi alisimama kibarazani na kikombe chake.

"Bi Jiwe! Umeamkaje?"

"Nimeamka, mwenzangu. Weye je, ile sauti ishapona, au jana ulikuwa waimba hivyo hivyo?"

"Si ukapake mlango rangi nyingine basi, fitina iishe?"

"Nikiupaka nitakuwa nimekiri. Mlango kaupaka marehemu kwa mkono wake. Aliyeuimba hakununua hata brashi."

Lilikuwa jina dogo, la utani, lakini lilikuwa limekua. Shuleni niliitwa Mjukuu wa Jiwe. Sokoni mtu asiyemjua alimuuliza kama ni yeye. Posa ya shangazi yangu mdogo ilisuasua kwa sababu upande wa pili walitaka kujua kwanza kama ujiwe ni wa kurithi. Bibi alisikia hilo, na siku ile hakukuna nazi. Alikaa tu jikoni, mikono mapajani.

Ndipo mtunzi akaja. Siku ya Idi Pili, alasiri, alitangazwa kupiga ukumbini na kundi lake zima, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Bibi akasema atakwenda. Nyumba ikatikisika. Baba alimwomba, shangazi akalia. Jirani alivuka kibaraza kabisa, kwa mara ya kwanza uso wake hauna mzaha.

"Usende, dada. Ukiinuka kumtunza, umekubali maneno ni yako. Ukikaa kitini, amekushinda mbele ya watu. Njia ya tatu hakuna."

Alikuwa na haki. Unakumbuka desturi ilivyokuwa. Mtu aliyeguswa na maneno huinuka na noti mkononi, akamfuata mwimbaji kwa madaha ili ukumbi mzima umwone, na kwa mwendo ule anasema: hili ni langu. Wanawake walimaliza ugomvi wa mwaka mzima kwa hatua zile chache.

Nilikaa miguuni pa bibi, upande wa wanawake, nikinuka udi na jasho la nguo mpya. Mtunzi alikuwa amenenepa, nywele kazitia hina, koti jeupe. Alipoufikia wimbo wenyewe hakuutaja jina. Aliangalia tu upande wetu akatabasamu, na shingo zote zikageuka. Akaimba ubeti wa kwanza. Bibi alitulia. Nilimwona jirani akifumba macho.

Kisha mwimbaji akanyamaza, fidla ikapokea. Wimbo ule ulikuwa na kipande kirefu katikati kisicho na neno hata moja, mzee wa fidla akikisema peke yake, na hapo ndipo bibi alipoinuka. Magoti yake yalikuwa mabovu, alikwenda taratibu mno, na ukumbi ulimsubiri. Mtunzi alimwona, akasogea mbele ya jukwaa, akanyoosha mkono kabisa kupokea. Bibi akampita. Akampita kama mtu anavyopita nguzo, akaenda hadi nyuma alikokaa mzee wa fidla, akamwekea noti juu ya goti.

Waliokuwa karibu walisema alimwambia hivi: "Wapiga vizuri, baba. Pole kwa maneno uliyobebeshwa."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa jirani yetu. Baada ya hapo sikusikia kingine. Mtunzi alikosa mahali pa kuingilia ubeti wa pili, ikabidi fidla irudie kipande chote upya, na wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wote wakielekea nyuma, wote kwa mzee wa fidla. Tangu siku ile, popote Tanga wimbo ule ulipopigwa, ilitunzwa fidla. Jioni jirani alileta sahani ya halua, akapiga hodi na kumwita bibi kwa jina alilopewa na wazazi wake. Shangazi aliolewa mfungo mosi ule ule.

Yote haya nilimsimulia mtoto wa kaka yangu, kwa sababu katika wimbo wake nilisubiri kile kipande na hakikuja.

"Tulikikata, Shangazi. Kirefu, halafu hakuna anayeimba. Mtu akisikia hivyo anarukia wimbo mwingine." Akakuna kichwa. "Kumbe jiwe lenyewe ni mama yake babu?"

"Ndiye."

"Dah. Basi nitakirudisha. Wallahi nakirudisha leo."

Sikumlaumu. Wimbo haujafa, una mavazi mengi kuliko mimi. Kilichokwisha ni ule ukumbi, ambamo anayeimbwa na anayeimba walionana uso kwa uso, na aliyesemwa alikuwa na nafasi ya kutembea. Siku hizi kijana anaimbia blanketi, mwingine anasikiliza na waya masikioni kwenye kiti cha basi, na kati yao hakuna sakafu. Nikisemwa mimi, nitainuka nimfuate nani?

Alasiri akaniletea simu. Mzee wa kupiga fidla hakumpata mji mzima, fidla kaitengeneza kwa kompyuta, na kaitengeneza kwa upendo, hilo nililiona usoni pake. Nikabonyeza, na fidla ilipoanza nikapapasa miwani nione kipande kina urefu gani. Nilipoipata, ubeti wa pili ulikuwa umekwisha ingia. Bibi, kwa magoti yale, angekuwa ndiyo kwanza anavaa kiatu cha kushoto.