Kibao Ambacho Madame Virginie Hakukirudisha

"Madame, kibao kiko wapi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, darasa la tatu la msingi, hapa mtaani kwetu Katuba. Madame Virginie hakunijibu. Aliniambia nikae chini nimalize sentensi yangu.

Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kufungwa waya wa shaba. Tulikiita symbole. Ukiongea Swahili shuleni, unavalishwa shingoni. Unakaa nacho, hata nyumbani unakwenda nacho, mpaka umkamate mwenzako amekosa kama wewe. Hapo kinahamia kwake. Mwenye kuwa nacho saa sita anafagia vyoo. Jasho likikutana na ile shaba, shingo inageuka kijani. Mama alinisugua kwa ndimu huku akinung'unika, lakini shuleni hakwenda kuuliza. Mzazi gani alikwenda? Hakuna.

Madame Virginie alikuwa mtu wa Katuba hapo hapo, binti wa fundi cherehani, mfupi, mwenye sauti ya kufika barabarani. Maneno ya Kifaransa ya kuunganisha sentensi alitufundisha jinsi alivyofundishwa yeye: tunaimba mais, ou, et, donc, car, naye anagonga fimbo mezani. Kuimba tulijua. Kuyatumia, hapana. Tuliongea sentensi fupi fupi, kila moja peke yake, kwa sababu sentensi ikirefuka Swahili inaponyoka, na kibao kinakungoja.

Jumanne moja ya mvua Mapalo alichelewa. Alikuwa analelewa na kambo yake, yaani bibi yake, Mama Chileshe, muuza mkaa. Alisimama mlangoni ameloa, anahema. Sheria ya darasa ilikuwa mwenye kuchelewa aeleze sababu kwa Kifaransa.

"Je suis en retard," akasema. Nimechelewa. Kisha akalitafuta lile car, kwa sababu, tuliloliimba wiki nzima, halikuja. "Juu... juu kambo..."

Juu, kwetu, ni kwa sababu. Alikuwa anaanza kutoa sababu.

Kibao kilikuwa shingoni mwangu tangu Ijumaa. Nilinyoosha mkono hata kabla hajavuta pumzi. Nikasema ameongea Swahili. Darasa zima likacheka. Madame akanivua mimi, akamvalisha yeye. Mapalo akafungua mdomo tena. Madame akamwonyesha benchi kwa fimbo. Mapalo akakaa hadi saa sita, kisha akaenda kufagia vyoo.

Kesho yake tukajua. Kambo alikuwa ameanguka asubuhi karibu na ndoo ya maji, mdomo umepinda, hawezi kuita. Majirani walikuwa wameshakwenda sokoni. Mtoto akakimbilia kwa mtu mkubwa aliyemwamini, mtu mwenye simu. Kambo alilala sakafuni mpaka mchana. Alipona, ila mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno hayakumrudia.

Aliyekileta kibao ni shangazi yake Mapalo, Mama Julienne. Alikitupa juu ya daftari za Madame. Hakupaza sauti, na hilo lilitutisha zaidi.

"Mutoto alikuja kukuita, Madame. Wewe ukamuvalisha hii, ukamutuma ku choo."

Madame alikiokota kile kibao. Akakitia mkobani mwake.

Mchana huo mkuu wa shule, Directeur Sylvain, akaja kukidai. Alisema ni mali ya shule, na bila kibao nidhamu itaanguka. Madame akasema harudishi.

"Sasa batoto batajifunza Kifaransa namna gani?"

"Batamaliza kusema kwanza. Mutoto mwenye anaogopa mwisho wa sentensi yake, Directeur, utamufundisha car ya nini?"

Directeur akampa mpaka Ijumaa: kibao kirudi, au aache darasa.

Siku zile alifundisha kama mtu anayepigana. Fimbo aliivunja mbele yetu. Aliwasimamisha watoto watatu watatu: wawili wana sentensi, wa katikati anawashika mikono, yeye ndiye neno la kuunganisha. Kwanza kwa Swahili, halafu kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa lakini. Ukiishia njiani, uso wake ulikuwa unabadilika.

"Nilikula, lakini nini? Maliza. Hapa hakuna mwenye atakukata."

Alikasirikia chaki, alikasirikia madirisha. Ijumaa saa ya mwisho Directeur akasimama mlangoni, mkono mbele, akingoja. Ndipo nilipouliza swali langu. Wote wawili walinitazama. Madame akakusanya daftari zake, akatoka, mkoba kwapani.

Jumatatu tulikuta mwalimu mwingine, Madame Michelle, na kibao kipya, waya unang'aa. Wa kwanza kukivaa ni mimi. Niliuliza kwa Swahili Madame Virginie ameenda wapi.

Sasa nina miaka kumi na sita, na hasira ile sijaimaliza. Watu wazima waliona shingo zetu za kijani wakanunua ndimu. Mwezi uliopita nilimtafuta Madame Virginie mpaka Annexe, pembezoni mwa mji. Nilimkuta kwenye shule ya matofali mabichi katikati ya mashamba ya mahindi, watoto wamesimama watatu watatu wameshikana mikono, naye anafoka wamalize. Nilingoja watoke. Nikamwambia aliyenyoosha mkono siku ile ni mimi.

"Ulikuwa mutoto, Kiki," alisema. "Mwenye alishika fimbo ni mimi."

Nikamuuliza tena kibao kiko wapi. Safari hii alijibu.

"Iko ku nyumba, pembeni ya kioo. Sheria unaijua: unabakia nayo mpaka umukamate mwenye alikosa kama wewe. Miaka saba. Sijamuona bado."