Radi ya Wiebke

Wiebke Lührs alitengeneza meno ya bandia maisha yake yote ya kazi, na alipenda kujisifu kwamba mtaa wake mzima, uitwao Wedding, hakuna aliyeweza kuyatambua mdomoni mwa jirani yake. Lakini mambo ya bandia aliyaacha kazini. Alipostaafu alijitosa kwenye sinthesaiza za vipande, yale makabati ya muziki ambayo mpigaji huunganisha kipande na kipande kwa nyaya mpaka sauti itoke, na huko akawa mkali kama pilipili. Kipande kimoja, kazi moja: hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Vile vipande vya kidijitali vyenye skrini na menyu, ambavyo sasa hivi ni ngoma na baada ya muda kidogo ni filimbi, aliviita vinyonga.

Mfuga vinyonga mkuu alikuwa Levent Karaca, mfamasia. Kipande chake kilikuwa kidogo kama slesi ya mkate, na kilifanya kila kitu ila kupika. Klabu yao ilikutana kila mwezi kwenye karakana ya zamani ya baiskeli, na wawili hawa walizozana kila mara, wenzao wakifaidi ugomvi kuliko muziki wenyewe. Siku moja Wiebke alichokozwa hadi akala kiapo mbele ya wote: Levent akikuta kinyonga kabatini mwake, basi achukue kichujio chake. Watu waliacha kutafuna. Kichujio kile kilikuwa kitu cha kwanza alichokiunda kwa mikono yake, ndani ya kopo la biskuti kwa kukosa sanduku. Sauti ikipita humo ilitoka laini na nzito, na wengi walikuwa wamemwomba awauzie, akawacheka.

Kitu kingine kilichompa jina klabuni ni sanduku lake la mwangwi. Ndani yake mlikuwa na springi ndefu; sauti huzitikisa, nazo huirudisha kama vile imepigwa kanisani. Springi zina tabia moja: ukiligonga sanduku, zinanguruma. Basi ikawa desturi. Mpigaji wa mwisho akimaliza, Ekkehard, aliyewahi kuwa mwoka mikate na bado ana ngumi ya kukandia unga, huipiga meza ya Wiebke, na radi hupasuka kwenye spika. Bila radi hakuna anayekula, wala anayevaa koti kwenda kwake.

Mchana wa siku ya mkutano wa Novemba, Wiebke alilifungua sanduku alifute vumbi, na springi zikamkatikia mkononi. Mtu mwenye akili zake angesema zimekatika, yakaisha. Wiebke alikuwa na akili, ila alikuwa na kiburi zaidi. Alishamwona Levent moyoni akitabasamu lile tabasamu la kuuzia dawa ya kikohozi, akisema kwamba chake hakikatiki. Kwa hiyo alivaa kofia iliyomfunika macho, akapanda treni hadi duka moja la mtaa wa mbali wa Schöneberg, ambako hakuna aliyemjua, akanunua kinyonga. Nyumbani alikificha nyuma ya uso wa sanduku la zamani, skrini isionekane, kikabaki kirungu kimoja tu cha kuzungusha. Kuweka bandia mahali pa halisi ilikuwa fani yake, na aliifanya akipiga mluzi.

Jioni alipiga muziki na watu wakafumba macho. Ekkehard alitikisa kichwa na kusema kwamba hicho ndicho chuma, kompyuta isijisumbue. Levent peke yake hakufumba. Alilitazama kabati la Wiebke kwa muda, kisha akainamia skrini yake na kuanza kutafuta kitu. Wiebke alidhani ni wivu, akafurahi.

Makofi yalipokwisha, Ekkehard alisimama na kukunja mkono wa shati. Hapo ndipo Wiebke alipokumbuka. Alikuwa amefikiria uso, kirungu, hata rangi ya skrubu, lakini ngumi aliisahau, na kinyonga hata ukipige kwa nyundo hakingurumi. Alimsihi Ekkehard waanze kwanza na saladi ya viazi. Ekkehard akamjibu kwamba viazi havina haraka, akainua ngumi.

Radi ikapasuka, kubwa, tamu, ikazunguka karakana nzima. Tatizo ni kwamba ilipasuka ngumi ikiwa bado hewani.

Ekkehard aliishusha mezani kwa heshima tu, kisha akautazama mkono wake mbele na nyuma. Wanachama walijadiliana. Mwishowe walikubaliana kwamba springi zile zimezeeka hadi zinaihisi ngumi inakuja, wakaenda kula.

Levent alimfuata Wiebke kwenye sinki la vyombo.

“Dada Wiebke,” alisema, maana kwao mkubwa haitwi jina tupu, “mwangwi wako leo ukififia una mkia wa mashine yangu. Mwaka wa tatu naishi nayo, ningekosaje kuujua?”

“Na radi je?”

“Radi ni yako. Niliirekodi zamani. Huwa naisikiliza nikifunga duka.”

Wiebke aliona aibu, na akaguswa, na zote mbili zikamuudhi.

“Mbona iliwahi?”

“Kitufe chepesi.”

“Ndiyo maana navichukia.”

“Najua. Sasa, kichujio.”

“Utawaambia?”

“Niwaambie ili nipate nini? Aibu yako siitaki, dada. Nataka kichujio.”

Wiebke alitumaini Levent angemsamehe. Hakusamehewa. Alimpelekea kopo lake kesho yake, na njiani kurudi alilia ndani ya treni, bila kujificha.

Desemba ilikuwa zamu ya Levent. Mezani kwake palikuwa na kile kipande chake kidogo kama slesi tu, skrini ikimetameta. Noti ya kwanza ilipotoka, laini na nzito, Wiebke aliitambua. Aliinama kama anayefunga kamba za viatu, akaliona kopo la biskuti chini ya meza, limefunikwa kwa koti, na waya mmoja ukipanda juu.

Ekkehard alimsogelea sikioni. “Tuseme ukweli, menyu zimepiga hatua. Hiyo karibu ifanane na kichujio chako.”

Levent alimtazama Wiebke kutoka kule mbele, uso mtakatifu kabisa.

“Karibu,” alisema Wiebke, na akapiga makofi pamoja na wenzake.