Nilivyotengeneza picha ya mama ya kubandika kwenye msalaba wa chuma, mzee akasema si yeye

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, huku kwenye baridi. Hii si chai, imenikuta mwenyewe. Wanaotafuta cha kuchekea wapite tu, leo sina nguvu za kubishana na mtu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na magrill. Mama yangu alifariki wakati wa mvua, tukamzika kwetu Mpui. Msalaba nikauchomelea mwenyewe huku nalia ndani ya miwani ya welding. Ukilia ndani ya kile kitu huoni hata unachochoma.

Padri akatupangia siku ya kuubariki. Mzee wangu, yaani baba, akaniomba jambo moja tu.

"Uweke sura yake. Nikienda pale nimwone."

Picha nyingi za mama ni za vitambulisho, amenuna kama kagombana na mpiga picha. Moja tu ndiyo yeye kweli. Ni ya harusi ya dada yangu, kashika mwiko, anasonga ugali wa ulezi kwenye sufuria kubwa huku anacheka.

Kwanza nikaprinti stika, nikabandika kwenye kipande cha alumini cha kufunga msalabani. Mapovu kila mahali, na moja likakaa shavuni kabisa, mama akaonekana kama anaumwa jino. Nikaing'oa.

Nikaingia mtandaoni, nikakuta njia ya transfer, ya kuhamisha picha kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye chuma.

Unaprinti kwa printa ya laser, maana ile ya wino wa maji itakuchuruzikia. Unapiga alumini msasa, unaifuta kwa spiriti, unapaka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba. Unalaza karatasi uso chini, unasukuma hewa kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda nje. Ikikauka unailowesha, unasugua karatasi kwa kidole taratibu mpaka itoke, picha inabaki kwenye chuma.

(Kwa baridi ya huku kwetu Ufipa gundi inagoma kukauka. Usiisogeze kwenye jiko, itavimba. Vumilia tu.)

Ikatoka laini wakuu. Ukipitisha mkono huhisi kitu. Nikapaka vanishi, nikapanda gari kwenda Mpui najiona fundi kweli kweli.

Mzee akaipokea, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Akaiangalia mpaka nikaanza kuogopa.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Ni mama, baba."

"Mama yako ni wa mashoto. Huyu anasonga kwa kulia."

Nikasogea mlangoni nikaitazama upya. Ukilaza karatasi uso chini, picha inageuka, kushoto kunakuwa kulia. Nilimsugua mama usoni kwa kidole changu mwenyewe na sikuona. Mimi nilikuwa mtu wa kuletewa ugali mezani. Mzee ndiye aliyekaa naye jikoni miaka yote, anajua kiwiko chake kinatokea upande gani.

Hakunigombeza. Alinirudishia tu, akaniuliza kama nimekula. Bora angenigombeza.

Nikarudi mjini, nika-flip picha kwenye kompyuta, nikaanza upya yote. Siku ya kubariki msalaba, mwiko ulikuwa mkono wa kushoto. Watu walipoondoka mzee alibaki pale. Akamsalimia mama kwa Kifipa, halafu akanyamaza kidogo, vile mtu anavyosubiri kuitikiwa.

Niligeuka nikaangalia kwingine, wakuu. Sikuweza.

Nilichojifunza: geuza picha kabla ya kuprinti. Na kabla hujapaka vanishi, mwonyeshe mtu anayemjua marehemu kuliko wewe, hata kama wewe ni mtoto wake wa kumzaa.

Sasa karibuni, maana nina shida bado. Jua na upepo wa huku vimeshaanza kuila ile picha, kitenge chake kimefifia na uso unafuatia. Mwenye kujua vanishi au namna yoyote ya kuifanya idumu nje, aiweke hapa tafadhali. Mzee anaenda pale kila Jumapili akitoka misa, na sitaki siku moja afike akute bati tupu.