Ukungu Usiofika Barabarani

Waliosema hasira hasara hawakuwahi kuishi jirani na Roland Tuttle. Verna Sopko ameishi naye, ua kwa ua, tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi, na hasira ndiyo iliyomwamsha asubuhi na kumchemshia kahawa mwaka ule mume wake alipofariki. Kwa hiyo mtu asije akamwambia Verna atulie. Wengi wamejaribu, na wengi wamejuta.

Verna ni mpishi wa shule katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani. Husimama nyuma ya kaunta na upawa mkononi, anawapakulia watoto makaroni na jibini, na mtoto anayemwaga njegere jalalani hufokewa mpaka vioo vya madirisha vitetemeke. Watoto wanampenda kwa hilo. Wako wanaomwaga njegere makusudi ili wafokewe, kisha wanakimbia huku wanacheka. Hilo nalo linamuudhi kupita kiasi. Mwanamke anakasirika kwa moyo wake wote, watu wanamwona kichekesho!

Kila Halowini ikifika, ile sikukuu ya mizuka ya mwisho wa Oktoba, uwanja wa mbele wa nyumba yake hugeuka makaburini. Emil, mumewe, ndiye aliyechonga mawe ya makaburi kwa maboksi ya povu gumu na kuyapaka rangi ya kijivu, na Verna akashona sanda za mashuka mabovu. Nyumba zote za mtaa ule huweka maboga yaliyochongwa barazani, lakini king'ora cha kituo cha zimamoto kikishalia jioni kuwaruhusu watoto waanze kubisha hodi na kuomba peremende, kwa akina Sopko ndiko wanakokimbilia kwanza. Emil alipokufa, Verna aligawa nguo zake, akauza gari lake, akampa shemeji yake bunduki za kuwindia. Makaburi hakuyagusa.

"Hiki ndicho kitu pekee tulichofanya wawili bila kugombana," alimwambia Lavonne, mpishi mwenzake. "Vingine vyote ilikuwa vita."

Sasa huyo Tuttle. Tuttle ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, cheo ambacho hakuna mwingine aliyekitaka, naye amekivaa kama koti la harusi. Wiki ile ya msiba, Emil akiwa bado hajazikwa, alimtuma mtu na futi kamba aje kupima urefu wa majani ya uwanja wa Verna, kwamba eti yamepita kiwango. Majani! Mwanamke yuko ndani anachagua tai ya kumzikia mumewe, huku nje mtu amechuchumaa anapima majani. Na Tuttle mwenyewe hakuvuka ua kuja kumpa mkono, si siku ile, si mazikoni, si baadaye. Mimi nisingemsamehe, na Verna hakumsamehe.

Kisha ikaja habari ya ukungu. Emil alikuwa amenunua mashine ya ukungu, ile inayochemsha maji yake maalumu na kuyatema yakiwa mvuke mweupe. Ubaya wake ni mmoja: ukungu unatoka wa moto, na kitu cha moto hupanda. Hapo hakuna kaburi linalotisha, kuna jiko linalofuka tu. Mwaka uliopita upepo uliuchukua ukungu wote wa Verna, ukauvusha njia ya waenda kwa miguu na kuutua katikati ya barabara, na gari moja likafunga breki kwa kelele mbele ya kundi la watoto. Hakuguswa mtu. Lakini kesho yake Tuttle alikuwa amesimama uani, mikono nyuma.

"Verna, mwaka ujao ukungu wako ukifika barabarani, haya makaburi yanavunjwa na hayarudi tena. Kamati imeshaamua."

"Kamati ni nani? Wewe na mbwa wako?"

"Nakwambia kwa wema."

"Wema wako upeleke ukapime majani."

Alimjibu hivyo, lakini usiku ule hakupata usingizi. Alijua Tuttle hatanii, na alijua pia kwamba gari lile lingeweza kuua. Hilo la pili ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu lilimpa Tuttle haki, na hakuna kitu kinachouma kama adui yako kuwa na haki.

Dawa aliipata jikoni shuleni. Alifungua mlango wa friza kubwa kutoa kuku, na ule mvuke wa baridi ukaporomoka ukamwagikia viatuni mwake, ukatambaa sakafuni mpaka chini ya meza. Verna akasimama pale na kuku mkononi. Kumbe ukungu ukipoa unalala! Lavonne alimpigia kelele afunge mlango, naye hata hakumsikia.

Tangu hapo kila alasiri akawa uwanjani. Alichukua kasha la Emil la kubebea samaki, akalitoboa matundu mawili, moja la kuingizia ukungu na jingine la kuutolea, akalijaza barafu. Akawasha mashine. Ukungu ukaingia, ukatoka, ukapanda juu vilevile, kama haukupita popote.

"Umepika ukungu au umeunguza maharagwe?" Lavonne akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, mtungi wa juisi ya tufaha mapajani.

"Lavonne, leo usinianze."

"Mimi nauliza tu. Maana harufu ni ileile."

Verna akalipiga kasha teke, akaumia kidole, akalitukana kasha, akamtukana Tuttle, na akiwa hapohapo akamtukana Emil pia kwa kufa na kumwachia kazi hii. Kisha akapiga magoti, akalikagua kasha. Tundu la kutokea alikuwa amelitoboa juu, na mjinga gani hutoboa juu wakati baridi hukaa chini? Akaliziba, akatoboa chini. Safari hii barafu ikajaa ikauzuia ukungu usipite kabisa, mashine ikakohoa. Akatafuta wavu wa waya, akautandika ndani ukawa kama kitanda, barafu ikakaa juu yake na ukungu ukapata njia ya kupita. Akaunganisha bomba refu la plastiki, akalitoboatoboa, akalilaza katikati ya makaburi, na kabla ya kuwasha akamwagia majani maji ya baridi.

Ukungu ulitoka taratibu, mzito, mweupe kama maziwa, ukalala chini. Ukajaza nafasi kati ya jiwe na jiwe, ukafunika majani, ukaishia kwenye vifundo vya miguu na usipande tena. Lavonne aliweka mtungi chini.

"Ala! Verna. Hapo sasa umepika."

"Bado," Verna akasema. "Barabara."

Maana neno alilosema Tuttle lilikuwa hilohilo moja, barabara, na Verna alilala nalo na kuamka nalo. Upande wote wa mbele, kutoka kona hadi kona, alisimamisha mbao za plaiwudi, akazipaka rangi zikafanana na ukuta wa mawe mabovu, akaziba kila mwanya kwa vitambaa. Akaacha mlango mmoja wa watoto kuingilia, akautundikia pazia zito. Hata mende asingepita kwenda barabarani bila kuomba njia. Upande wa pembeni hakuugusa, kwa sababu upande wa pembeni hakuna aliyeutaja.

Jioni yenyewe ikafika, king'ora kikalia, watoto wakamwagika mtaani wakiwa wachawi, maharamia na vikaragosi vya kila namna. Walipopita pazia la Verna wakanyamaza. Kila mmoja alijitazama miguu asiione. Mtoto mmoja aliyevalia kama mzuka akakataa kusonga mbele, mzuka mzima analia, akabebwa na baba yake. Wazazi wakaanza kuingia na wao. Verna, amevaa gauni jeusi na sufuria ya chokoleti mkononi, alikwenda mpaka njia ya waenda kwa miguu, akatazama barabara. Safi. Lami inang'aa. Akaitazama nyumba ya Tuttle, akitamani mwenyewe atoke aone.

Nyumba ya Tuttle ilikuwa giza. Na hapa niseme, kwetu taa ya baraza ikizimwa jioni hiyo maana yake ni kwamba hapa hakuna peremende, pita zako. Mwenyekiti, anayewahimiza watu wote mtaani wawashe taa za mabaraza kwa heshima ya mtaa, alikuwa amezima ya kwake, akajificha kwenye chumba cha chini ya ardhi kutazama mpira. Mkuki kwa nguruwe mtamu!

Sasa, uwanja wa Verna uko juu na wa Tuttle uko bondeni kidogo. Ukungu uliopoa hutiririka kama maji: ukizuiwa mbele, utatafuta pembeni. Ulipita chini ya ua, ukashuka kwenye majani ya mwenyekiti yaliyokatwa kwa kipimo, ukafika kwenye kidirisha cha chumba kile cha chini, alichokuwa amekiacha wazi kwa sababu ya joto la tanuri la kupashia nyumba. Ukaingia ndani bila kubisha hodi.

Mara kilio kikali cha king'ora cha moshi kikatoka nyumbani kwa Tuttle, kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo, kisha Tuttle mwenyewe akaibuka. Alikuwa na fulana ya ndani na soksi, anakohoa, mikono mbele, ukungu unamfuata. Alipanda mteremko, akavuka ua, moja kwa moja hadi kati ya makaburi.

Watoto walipiga mayowe ya kusikika mji mzima. Wazazi wakapiga makofi.

"Verna!" Tuttle akanguruma. "Nyumba yangu imejaa moshi!"

"Ni ukungu! Na haukufika barabarani! Kaangalie barabara, Roland, nenda kaangalie!"

"Umeujaza nyumbani kwangu!"

"Ulisema barabara! Hukusema kwako!"

Watu wakacheka. Watoto wa mbele wakakaa kwenye majani, ukungu kifuani, mifuko ya peremende mapajani. Verna aliwaona wakikaa na damu ikamchemka zaidi, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka na yaliyokuwamo yalikuwa ya miaka.

"Ulimtuma mtu kupima majani yangu wiki ya kumzika mume wangu! Nilikuwa dirishani na tai yake mkononi! Wewe hukuja! Mtaa mzima ulikuja na vyakula, hata wasioniamkia walikuja, wewe ulituma futi kamba!"

"Na wewe mwaka jana ulitaka tuzike mtoto?" Tuttle alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Nilisimama pale barazani nikaona gari lile linateleza! Mpaka leo nalisikia! Hukusema hata neno, ulirudi ndani ukafunga mlango!"

"Nilirudi ndani kwa sababu nilikuwa natetemeka!"

Hapo makofi yakalipuka. Mtu akapiga mluzi. "Mwaka huu wameleta na maigizo," mama mmoja akamwambia mwenzake, na msichana mwenye mbawa za nyuki akapaza sauti, "Tena! Tena!"

Tuttle alitazama huku na huku. Verna alimwona anaanza kuelewa, na alichofanya baada ya hapo ndicho nisichoweza kumsimulia mtu bila kukunja ngumi. Alitabasamu. Akaweka mkono kifuani, akawainamia watu kama mwigizaji jukwaani, soksi zake zikichuruzika maji.

"Kwa niaba ya kamati," akatangaza, "makaburi ya Sopko yatakuwapo mwaka ujao!"

Wakashangilia. Basi ndivyo Verna alivyopata alichokuwa akikipigania mwaka mzima, uwanja wake na kazi ya Emil, kwa tangazo la mtu aliyevaa fulana ya ndani. Mikono ya kumpongeza ikamshika mabega kila upande. Yeye akapita katikati yao, akachomoa waya wa mashine, akapanda barazani, akazima taa.

Watu wakaguna, lakini desturi ni desturi. Wazazi wakaokota watoto wao, pazia likafunguka na kufungika, sauti zikahamia nyumba inayofuata. Ukungu ukabaki umelala kati ya mawe, na Tuttle amesimama ndani yake.

"Sasa umekasirikia nini?" akauliza. "Uwanja wako umebaki. Umeshinda. Unataka nini tena?"

"Nataka pole."

"Pole ya nini?"

"Ya Emil. Hujanipa."

Tuttle akafungua mdomo, akageuza kichwa kwanza kuangalia pazia kama kuna mtu anasikia. Hakukuwa na mtu. Tabasamu lile la jukwaani lilikuwa bado limemng'ang'ania usoni. Alilipangusa kwa kiganja.

"Pole, Verna," akasema, taratibu. "Sikujua nije niseme nini. Nikatafuta kazi ya kamati."

Verna alimtazama. Hasira yake ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe. Alitaka kumwambia kwamba amechelewa, kwamba ni mwoga, kwamba kukata majani ilikuwa kazi ya Emil na Emil alikuwa hospitali tangu mwezi wa sita.

"Nimesikia," akasema mwishowe. "Sasa shuka kwako, Roland. Umenikanyagia bomba."